Mapigo yalirudi sawa, dawa ikaachwa: uchambuzi wa kisa cha mpapatiko wa atria

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki za moyo; si faili la mtu mmoja. Mgonjwa ni mama wa miaka 71, uzito kilo 84, mwenye presha ya miaka mingi na kisukari cha aina ya pili anachokitibu kwa metformini. Havuti sigara, hajawahi kupata kiharusi, hana stenti wala vali bandia. Aligunduliwa kuwa na mpapatiko wa atria, yaani chemba za juu za moyo kutetemeka bila mpangilio, ule ambao kwenye vyeti huandikwa AF. Matibabu yalianza vizuri, mapigo yakarudi kwenye mpangilio, kisha wiki ya 10 baada ya kushtuliwa moyo kwa umeme akapoteza usemi kwa dakika 25. Wakati huo alikuwa hanywi tena dawa ya kuzuia damu kuganda. Hakuna daktari aliyeisimamisha. Iliponyoka kidogo kidogo, kila hatua ikiwa na sababu iliyoonekana ya maana.

Alivyogunduliwa

Hakuja kwa ajili ya moyo. Alikuja kuchukua dawa za presha, akasema kwa kupitia tu kwamba siku hizi ngazi zinamshinda, akifika juu lazima akae. Kifaa cha kupimia presha kilitoa 158/94, kikarudiwa kikatoa 131/88, kikarudiwa tena kikatoa 147/101, na mara ya nne kikaandika kosa. Ni rahisi sana hapo kulaumu betri. Muuguzi aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima: mapigo 104, hayana mpangilio, mengine mazito, mengine hafifu kiasi cha kupotea. Akasikiliza kifuani, nako akahesabu dakika nzima: 132.

Tofauti ile ya mapigo 28 si kosa la kuhesabu. Katika mpapatiko, mapigo mengine huja upesi mno kabla chemba za chini hazijajaa damu, hivyo kinachosukumwa hakitoshi kuhisiwa mkononi. Kwa sababu hiyohiyo kifaa cha presha huyumba: hutafsiri pigo moja moja, na hapa kila pigo lina nguvu yake. Kwa mgonjwa wa namna hii presha hupimwa angalau mara tatu, dakika moja moja kati yake, na kuchukuliwa wastani. Na kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4 hakufai, kwa kuwa robo dakika moja inaweza kuwa na mapigo 20 na inayofuata 33.

ECG ya vielekezi 12, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ilimaliza ubishi: kasi 134, hakuna wimbi la P (alama ya atria kukaza kwa mpangilio), nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Vipimo vya damu: potasiamu 3.9, hemoglobini 12.8, TSH (kipimo cha tezi ya shingo) ya kawaida, kreatinini 1.2 mg/dL. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mpapatiko, na isipotibiwa, kila juhudi ya kuurudisha moyo kwenye mpangilio hupotea bure. Hemoglobini ni ya kulinganishia baadaye, mgonjwa akianza kuvuja damu mahali pasipoonekana. Kreatinini hupima kazi ya figo, ni ya kupangia dozi.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha nguvu ya usukumaji asilimia 55, atria ya kushoto imetanuka kiasi, milimita 44, na vali ya mitra, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, haijabana. Hilo la vali ndilo lililosubiriwa zaidi. Mtu ambaye vali yake ya mitra imebana kwa kiwango cha kati au kikubwa, mara nyingi kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au mwenye vali bandia ya chuma, hapewi dawa mpya za kuzuia mgando. Hutibiwa kwa warfarini na kufuatiliwa kwa INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda. Jaribio la INVICTUS la 2022 liliwapa wagonjwa wa mpapatiko wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi rivaroksabani, moja ya dawa hizo mpya, wengine dawa za jamii ya warfarini, na waliokuwa kwenye jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa hiyo anayeanzishiwa dawa mpya bila eko, au angalau bila mtu kumsikiliza kifua kwa makini, ameanzishiwa kwa kubahatisha. Mama huyu alikuwa huru kuchagua.

Maswali mawili yasiyotegemeana

Atria inayopapatika hupokea ishara za umeme 350 hadi 600 kwa dakika. Kwa kasi hiyo haikazi wala kulegea, hutetemeka tu. Damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilichochomoza pembeni ya atria ya kushoto. Kwa wasio na ugonjwa wa vali, kati ya mabonge 10 yanayopatikana kwenye atria hiyo, takriban 9 huwa ndani ya kifuko hicho. Likichomoka bonge, njia yake ni fupi: chemba ya chini, aota, shingo, ubongo.

Swali la kwanza basi ni la bonge: mtu huyu ana hatari gani ya kiharusi? La pili ni la dalili: afanyiwe nini ili apande ngazi? Wagonjwa wengi, na wahudumu wasio wachache, huyachanganya yakawa swali moja la "moyo unapigaje leo", na kisa hiki chote kimo ndani ya mchanganyiko huo.

Swali la kwanza hujibiwa kwa alama za CHA₂DS₂-VA. Moyo ulioshindwa kazi alama 1, presha 1, miaka 75 na kuendelea 2, kisukari 1, kiharusi au bonge la zamani 2, ugonjwa wa mishipa 1, miaka 65 hadi 74 alama 1. Mama alipata 3: umri, presha, kisukari. Kuanzia 2 dawa ya kuzuia mgando hupendekezwa waziwazi. Toleo la zamani lililohesabu jinsia lingempa 4, na uamuzi usingebadilika. Tazama tena orodha hiyo: hakuna sehemu inayouliza kama mapigo yana mpangilio leo, wala kama mgonjwa anajisikia vibaya.

Alipewa apiksabani, moja ya dawa mpya za kuzuia mgando, 5 mg mara mbili kwa siku. Dozi ya 2.5 mg ni ya mwenye angalau mambo mawili kati ya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini ya 1.5 mg/dL (133 kwa kipimo cha mikromoli) au zaidi. Yeye hakuwa na hata moja. Uwezo wa figo ulikokotolewa kwa njia ya Cockcroft na Gault: 140 toa umri 71, zidisha kwa kilo 84, gawa kwa 72 mara 1.2, kisha zidisha kwa 0.85 kwa kuwa ni mwanamke. Jibu ni mililita 57 kwa dakika. Chini ya 60, kuna kanuni nyepesi ya kukumbuka: gawa namba hiyo kwa 10 upate miezi ya kusubiri kabla ya kupima figo tena. Kwake ni karibu kila miezi 6.

Kwa swali la pili alianza metoprololi, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, 25 mg mara mbili, ikapandishwa hadi 50 mg mara mbili. Lengo la mwanzo lilikuwa mapigo chini ya 110 akiwa amepumzika, kiwango ambacho jaribio la RACE II la 2010 lilionyesha kuwa hakina ubaya kuliko kubana hadi chini ya 80. Yalishuka hadi 82. Ngazi hata hivyo bado zilimshinda, na hiyo ndiyo sababu halali ya kujaribu kuurudisha moyo kwenye mpangilio wake kwa umeme.

Vidonge 23 ndani ya boksi

Kabla ya mshtuko wa umeme, mwenye mpapatiko wa muda mrefu anatakiwa awe amekunywa dawa ya kuzuia mgando kwa wiki 3 mfululizo bila kuruka. Moyo ukirudi kukaza ghafla huku kuna bonge bichi kwenye kifuko, bonge hilo huondoka nalo.

Siku ya miadi muuguzi hakumuuliza kama anakunywa dawa. Alijua atajibiwa ndiyo. Alisema, "Mama, naomba nilione boksi." Boksi lilikuwa la vidonge 60. Siku 21 kwa vidonge viwili ni 42, vilipaswa kubaki 18. Vilikuwa 23. Vidonge vitano havikunywewa, na alipoulizwa kwa upole, vyote vilikuwa vya usiku. Asubuhi hunywa pamoja na dawa za presha na sukari. Usiku husinzia mapema kitini, akiamka anaingia kulala.

Hapo kulikuwa na njia mbili: kumpitishia kipimo cha eko kupitia koo kuangalia kama kuna bonge, au kuanza upya kuhesabu wiki 3. Walianza upya. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, na bado ndipo nafasi ya kwanza ilipopotea. Dozi za usiku zilihesabiwa kama kizuizi cha mshtuko. Hakuna aliyeziona kuwa ni tabia itakayoendelea baada ya mshtuko. Aliambiwa tu ajitahidi zaidi. Mtu anayesinzia saa 2 usiku hahitaji kujitahidi, anahitaji saa nyingine ya kunywa dawa.

Wiki 3 za pili hesabu ilikaa sawa. Akapewa dawa ya usingizi mfupi, mshtuko mmoja wa jouli 200, ECG ikasoma 64 yenye mawimbi ya P yaliyonyooka. Karatasi ya kuondokea iliandikwa hivi: moyo umerudi katika hali ya kawaida, endelea na apiksabani kwa wiki 4, rudi kliniki.

Wiki 4 hizo zipo katika miongozo, lakini si mwisho wa safari kwa mtu wa aina yake. Ni kiwango cha chini kwa kila anayeshtuliwa, hata mwenye alama sifuri, kwa kuwa baada ya mshtuko umeme wa atria hutangulia kupona huku misuli yake ikibaki imezubaa kwa siku hadi wiki kadhaa. ECG ni safi, kifuko bado hakikazi. Kwa mwenye alama 3, baada ya wiki hizo 4 kinachofuata ni kuendelea. Karatasi haikusema hivyo. Ilisema "kwa wiki 4".

Dawa ilivyoponyoka

Wiki ya 3 baada ya mshtuko alikuwa anapanda ngazi huku anaongea. Dozi za usiku zikaanza kurukwa tena, sasa bila hofu. Nusu ya apiksabani huondoka mwilini kwa takriban saa 12, kwa hiyo anayeruka ya usiku huamka akiwa na kinga ndogo, na saa za alfajiri anazipitia karibu peke yake.

Wiki ya 5 goti lilivimba. Alinunua diklofenaki, akawa anameza 50 mg mara tatu kwa siku. Ndani ya siku chache fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki na mikono ikaota mabaka ya bluu. Lawama ilikwenda kwa dawa ambayo kila mtu anaijua kuwa "inalainisha damu". Dirishani alikonunua dawa alishauriwa apunguze apiksabani iwe nusu. Akapasua vidonge.

Mambo yalikuwa kinyume chake. Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni huzuia chembe sahani zisishikane, huchuna utando wa tumbo, hubakiza chumvi na maji mwilini hivyo presha hupanda, na huibana figo ambayo ndiyo inayotoa sehemu ya apiksabani. Ukiiweka juu ya dawa ya kuzuia mgando, kutoka damu ni jambo la kutarajiwa. Ya kuondoa ilikuwa ile ya goti. Nusu ya apiksabani kwa mtu asiyetimiza vigezo haimpi nusu ya hatari ya kutoka damu na nusu ya kinga. Humwacha na dozi ambayo haikupimwa kwa mtu kama yeye. Katika ARISTOTLE, jaribio la 2011 lenye wagonjwa 18,201, apiksabani ilipunguza viharusi na kutoka damu kukubwa ikilinganishwa na warfarini, na wengi mno wa wagonjwa hao walikuwa kwenye dozi kamili. Matokeo hayo ni ya dozi ile.

Wiki ya 7 jamaa mmoja mwenye nia njema alimwambia, "Shangazi, moyo si umetulia? Kunywa aspirini ndogo tu, inatosha." Apiksabani ikaisha, haikununuliwa tena, aspirini 75 mg ikachukua nafasi yake.

Wazo kwamba aspirini ni toleo jepesi na salama la dawa hizi limekaa vichwani kwa miaka mingi na halitaki kutoka. Jaribio la AVERROES la 2011 lilizilinganisha ana kwa ana kwa wagonjwa walioonekana hawafai warfarini: viharusi na mabonge yalikuwa asilimia 1.6 kwa mwaka kwa apiksabani na 3.7 kwa aspirini, huku kutoka damu kukubwa kukiwa 1.4 na 1.2. Yaani aspirini iliacha viharusi zaidi ya mara mbili, na usalama iliosifiwa nao haukuonekana kwa tofauti ya maana.

Mwanawe alikuwa amemnunulia saa ya mkononi inayopima mapigo. Haikulia hata mara moja, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ushahidi. Saa nyingi za aina hii hupima kwa vipindi, mvaaji akiwa ametulia. Tukio la saa mbili linaweza kupita katikati ya vipimo, na saa ikivuliwa usiku ichajiwe haioni lolote. Ikilia, inafaa kufuatiwa na ECG. Isipolia, haijathibitisha kitu.

Dakika 25

Saa 1 asubuhi, wiki ya 10. Alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, kikamteleza. Binti yake akauliza kama ameungua. Mama alifungua mdomo, maneno yakatoka yasiyo maneno. Mdomo upande wa kulia ulikuwa umeshuka kidogo.

Binti alipima sukari kwanza: 6.8. Alifanya vyema, kwa kuwa sukari ikishuka sana huiga kiharusi, na kwa anayetumia metoprololi dalili za kutetemeka na moyo kwenda mbio zinaweza kufichika, akabaki na jasho tu. Kipimo kilichukua chini ya dakika moja. Kama kingechukua kumi kingekuwa kosa.

Walipokuwa njiani kwenda hospitali usemi ukarudi. "Nimepona, turudi nyumbani," alisema, na binti akakataa. Kiharusi cha kupita kina hatari kubwa zaidi ya kufuatwa na kamili ndani ya saa 48 za mwanzo, kwa hiyo dalili zikiisha bado mtu anakwenda.

Swali la kwanza mapokezi ya dharura lilikuwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? La pili: dozi ya mwisho ya dawa ya kuzuia mgando lini? Familia nyingi huona la pili kama maswali ya kujaza fomu. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kwa kawaida haitolewi kwa aliyekunywa apiksabani ndani ya saa 48, kwa kuogopa kuvujisha damu kwenye ubongo. Kuvuta bonge kwa mrija kupitia mshipa bado huwezekana. Jibu la uongo hapa, kwa kuona haya ya kuacha dawa, hupotosha matibabu. Binti alikuwa amebeba maboksi yote ndani ya mfuko, pamoja na diklofenaki. Hakuna simulizi iliyokuwa na thamani kuliko mfuko ule.

ECG ilisoma 68, mpangilio kamili. Mtu mmoja katika zamu alisema, "Basi hana AF sasa." Ni kweli, na haikusaidia chochote. Picha ya CT haikuonyesha damu kwenye ubongo, ya MRI haikuonyesha sehemu iliyokufa, mishipa ya shingo haikuwa imebana. Kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 72 kilinasa mpapatiko wa saa 3 na dakika 40 usiku wa pili. Alikuwa amelala. Hakuhisi kitu.

Alama zake zilipanda kutoka 3 hadi 5. Apiksabani 5 mg mara mbili ilirudishwa siku iliyofuata, kwa kuwa kiharusi kilikuwa cha kupita na picha ilikuwa safi. Kingekuwa kikubwa, ingesubiriwa zaidi. Aspirini ilisimamishwa, kwani hana stenti wala ugonjwa wa mishipa ya moyo, na aspirini juu ya apiksabani ingeongeza tu kutoka damu.

Kosa lilikuwa wapi

Wepesi ni kusema mgonjwa hakufuata masharti. Tukizipima hatua moja moja, karatasi ya kuondokea inabeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Ilimpa tarehe ya mwisho ambayo haikuwepo, na ikaiweka chini ya sentensi inayosema moyo uko kawaida. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma kama alivyoisoma.

Tatizo hili si geni. AFFIRM, jaribio la 2002 lenye wagonjwa 4,060, lililinganisha kudhibiti kasi na kurudisha mpangilio. Viharusi vingi katika makundi yote mawili viliwapata ambao warfarini yao ilikuwa imesimamishwa au INR yao ilikuwa chini ya kiwango. Kundi la kurudishiwa mpangilio liliruhusiwa kuacha warfarini moyo ukitulia, na halikuonyesha kinga ya kiharusi iliyotarajiwa. Baada ya mshtuko wa umeme, karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa ndani ya mwaka, wengine bila kujua. Mapigo mazuri ya siku ya kliniki ni mapigo ya siku ya kliniki.

Dozi za usiku ni kosa la pili, na hili lilikuwa limeshaonekana kwa hesabu ya vidonge. Diklofenaki ni la tatu: hakuna aliyemuuliza kuhusu goti, ingawa mtu wa miaka 71 mwenye kilo 84 kuumwa goti si habari ya kushangaza. Ushauri wa jamaa tunauweka mwisho kabisa. Alijaza pengo ambalo wataalamu waliliacha.

Kilichobadilishwa

Saa za dawa zilihamishwa: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, kabla hajaanza kusinzia, apiksabani na metoprololi pamoja katika kisanduku chenye vyumba 14 vya wiki. Chumba kilichojaa huonekana kwa yeyote anayepita. Ilijadiliwa kumhamishia dawa ya mara moja kwa siku, rivaroksabani 20 mg. Hiyo lazima imezwe na chakula, la sivyo haifyonzwi vya kutosha, na dozi moja ikirukwa pengo ni la siku nzima. Kwake figo zilifaa, lakini aliamua kubaki na anayoijua.

Kanuni ya dozi iliyosahaulika iliandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku. Kwa dawa ya mara mbili kwa siku, ukikumbuka ndani ya saa 6, kunywa. Zikipita, acha, subiri inayofuata. Usinywe mbili kwa mpigo. Kwa dawa za mara moja kwa siku muda huo ni saa 12.

Karatasi mpya ilisema: apiksabani ni ya kuzuia kiharusi, haina tarehe ya kuisha, usiiache hata mapigo yakiwa mazuri, anayekwambia uiache, mwambie atupigie. Maneno makali kidogo kwa karatasi ya hospitali, lakini yamekaa mahali pake.

Damu ya fizi na mabaka madogo huripotiwa kliniki bila kuacha dawa. Damu ya pua: kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia, isipokatika, nenda hospitali. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, kuumwa kichwa ghafla kwa namna isiyo ya kawaida, au kuanguka na kugonga kichwa hata kama unajisikia mzima, ni dharura. Kung'oa jino moja kwa kawaida hakuhitaji kuacha dawa kwa siku kadhaa. Daktari wa meno hupanga muda mbali na dozi na hubana kidonda. Kinachohitaji mpango ni upasuaji, na mpango huo hutoka kwa anayetibu moyo na anayepasua wakiwa wamezungumza.

Dawa nyingine nazo zilipitiwa. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa huishusha apiksabani mwilini. Ketokonazoli, itrakonazoli na ritonaviri huipandisha. Mgonjwa hatakiwi kukariri majina. Anatakiwa kuonyesha kadi yake kila anapoandikiwa kitu kipya, na hapo mfamasia ana kazi ya kufanya.

Mapigo anayapima mwenyewe kila asubuhi, ameketi dakika 5, kwa kidole cha shahada na cha kati, kamwe si gumba ambalo lina mapigo yake, dakika nzima. Anaandika namba na neno moja: yananyooka au yanayumba. Yakizidi 110 kwa muda akiwa ametulia, au yakishuka chini ya 50 na kizunguzungu, anapiga simu. Metoprololi haikatwi ghafla.

Yaliyobaki mezani

Kwa kuwa mpapatiko umerudi, swali la pili, lile la dalili, liko wazi tena. Amiodaroni huweza kushikilia mpangilio, kwa gharama ya kupima tezi na ini kila miezi 6 na kuchunga mapafu na macho. Kuunguza kwa mrija njia za umeme kwenye milango ya mishipa inayotoka mapafuni ni chaguo la kweli kwa mwenye dalili. Msingi wake uliwekwa Bordeaux mwaka 1998, timu ya Haïssaguerre ilipoonyesha kwamba cheche nyingi huanzia humo. Alielezwa mapema, ili lisimshangaze: hata akiunguzwa na kufaulu, apiksabani inaendelea, kwa sababu alama 5 hazifutwi na mrija.

Kabla ya hapo kuna kazi mbili. Anakoroma, na binti anasema huwa anakata pumzi. Kapangiwa kipimo cha usingizi, kwani pumzi inayokatika usiku huchochea mpapatiko urudi. Ya pili ni uzito: lengo ni kupunguza asilimia 10, yaani kilo 8 na ushei, kiwango ambacho kimeonekana kupunguza matukio. Na uzito huo ndio unaolikalia goti.

Goti lenyewe limepangiwa parasetamoli isiyozidi gramu 3 kwa siku, mazoezi ya misuli ya paja, na jeli ya kupaka ambayo huingia kidogo kwenye damu. Vikishindikana, atachomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo bila kusimamisha apiksabani. Sukari yake itapanda kwa siku kadhaa baada ya sindano hiyo, kwa hiyo ataipima asubuhi na jioni mpaka itulie.